Nilimwandikia Nadine Kiingereza cha Wakubwa

Kosa ni langu. Tuanze hapo, ili mtu asije akahangaika kumlaumu profesa, umeme unaokatika au shetani. Shetani hakuwepo siku ile. Nilikuwepo mimi, na kamusi yangu nene.

Nilikuwa mwanafunzi wa Kiingereza hapa Lubumbashi, wa miaka ya mwisho, na kwetu, mtaa wa Annexe, nilishakuwa mtu mkubwa. Majirani waliniita profesa. Mama yangu alinitambulisha kanisani kwa kusema, "Huyu mutoto anaandika Kingereza, hata bazungu benyewe banasumbuka kukisikia." Alidhani ni sifa. Nami nilidhani hivyo hivyo.

Maana imani yangu ilikuwa moja: Kiingereza cha chuo ni kile ambacho msomaji hakielewi. Mtu akielewa mara ya kwanza, basi hujasoma. Nilichukua sentensi ndefu za Kifaransa tulizozoea tangu sekondari, nikazivalisha maneno ya Kiingereza yaliyokufa zamani, kisha nikatulia kungoja pongezi.

Madame Odette, aliyetufundisha uandishi, hakuwa na pongezi. Alikuwa anaandika pembeni ya kazi zangu, "Unataka kusema nini?" Nikamhurumia. Nikasema moyoni, maskini, haya mambo yamempita.

Nadine, niliyesoma naye darasa moja, alitoka Kipushi, mji wa mpakani na Zambia. Kiingereza chake hakikuanzia darasani. Tangu mdogo alikuwa anavuka mpaka na mama yake kwenda kuuza Zambia, na kwa kuwa mama hakujua lugha ya kule, binti ndiye aliyekuwa mdomo wake. Alikuwa anaandika sentensi fupi, unasoma, unaelewa, unaendelea. Nilimwonea huruma yeye pia. Nilikuwa na huruma nyingi mwaka ule.

Nadine alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote. Nikiri na hili: nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia kwamba nataka awe zaidi ya rafiki.

Ikatokea nafasi ya kwenda kusoma nje, kila kitu kimelipiwa. Waliotoa nafasi hiyo walitaka andiko moja fupi la kitaaluma kwa Kiingereza. Nadine akaandika juu ya watoto wa mpakani wanaokosa shule kwa sababu wanawatafsiria mama zao sokoni. Aliwahoji akina mama kadhaa, akiwemo mama yake. Ndani ya andiko mama yule alisema: mwanangu akikaa nami sidanganywi, lakini siku ile mimi ndiye niliyemwibia shule.

Aliniletea kompyuta yake akiwa na haraka, maana ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma.

"Uniangalilie tu ma-*the* na ma-*s*," akasema. "Bingine usiguse. Ukimaliza, tuma. Minaenda Kipushi, mama anagonjwa."

Ma-*the* na ma-*s*. Mimi, profesa wa Annexe, nipewe kazi ya kuokota herufi.

Nikaanza vizuri, nakiri. Halafu nikaona neno "mama" limeandikwa mara nyingi mno, nikaona aibu kwa niaba yake. Nikaweka "mawakala wa kiuchumi wa jinsia ya kike". "Soko" likawa "uwanja wa mabadilishano". Maneno ya mama yake nikayafuta yote. Nani ameona andiko la kitaaluma lenye mama mzazi ndani? Nilipomaliza lilikuwa zito kama gunia la mahindi. Nikatuma, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Walimwita kwenye mahojiano kwa video, tukaazima ofisi ya Madame Odette. Madame alikaa nyuma, mimi nikakaa kando ya Nadine. Nilijikaribisha mwenyewe, nishuhudie matunda ya kazi yangu.

Mzee mmoja kwenye kioo akamsomea sentensi kutoka andiko lake, akamwomba aieleze.

Nadine akaiangalia. Akaisoma tena kwa sauti ya chini. Kisha akageuka, akaniangalia mimi.

Nikaangalia dirishani. Nje kulikuwa na jakaranda, nami nikaona ni wakati mzuri wa kuichunguza.

"Uliandika hili mwenyewe?" mzee akauliza.

"Ndiyo," Nadine akajibu. Andiko lake alikuwa ameliandika mwenyewe kweli, ila lile halikuwa lake tena, na kulieleza hakuweza. Wakamshukuru kwa adabu. Baadaye jibu likaja: hawachukui mtu anayeleta kazi ya mwingine.

Tulipotoka pale ofisini alilisoma andiko lote, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mama yangu eko wapi mule ndani?"

"Nilipandisha kiwango," nikasema.

"Nilikuomba kiwango?"

Akaondoka, akarudi Kipushi kufundisha.

Ungefikiri nilimkimbilia Madame Odette kusema ukweli. Hapana. Madame alikuwa anatafuta mwanafunzi wa kumsaidia kufundisha uandishi kwa wa mwaka wa kwanza, nami niliitaka ile kazi. Madame alimshuku Nadine, nami nikamwacha amshuku. Kazi nikapata. Somo langu la kwanza lilikuwa uaminifu katika kazi za kitaaluma. Nilifundisha vizuri sana.

Kisha msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akaniletea insha. Nilisoma ukurasa mzima, sikuambulia kitu.

"Hii inasema nini?" nikamuuliza.

"Sijue, Asistanti," akajibu bila hofu. "Nilifanya paka sawa weye."

Alikuwa ameniiga mimi tu. Nikaenda kwa Madame nikamweleza yote. Akanisukumia karatasi.

"Bandikie bale batu ba ile nafasi. Mu Kingereza."

Nikaandika kwamba kwa bahati mbaya marekebisho fulani yalijitokeza katika andiko husika.

"Yalijitokeza?" akauliza. "Sawa vile mvua?"

Nikaandika kwamba andiko lilirekebishwa.

"Na nani?"

Jasho lilinitoka kwa ajili ya neno moja dogo. Mwisho nikaandika: mimi nilibadilisha andiko la Nadine bila ruhusa yake, kisha nikanyamaza. Madame akasoma. "Sasa umeanza kuandika," akasema, akaninyang'anya ile kazi ya usaidizi.

Wale watu wakajibu kwamba jina la Nadine limesafishwa na anaweza kuomba tena, lakini nafasi ya mwaka ule ilishachukuliwa. Nikaenda Kipushi kumpelekea habari. Alinisikiliza akiwa mlangoni, madaftari ya wanafunzi mkononi.

"Aksanti kwa kusema," akasema. "Sasa urudie kwenu."

Nimesikia ameomba tena. Safari hii hakumpa mtu yeyote asahihishe.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiletewa kazi ya mwenzako na ndani yako ukasikia hamu ya kumpandisha kiwango, simama, kanywe maji, hamu itapita. Na kama Kiingereza chako kinaeleweka, usimwonee wivu mwenye kamusi nene.

Mimi siku hizi naandika vizuri. Sentensi fupi, kila mtu ananielewa. Ila yule mmoja niliyetaka anielewe hasomi tena kitu ninachoandika.