Kahawa Iliyolala kwa Majirani

Tajiri wangu wa Moshi ananilipa kwa sababu ya pua. Mimi ni mwonjaji kahawa: sijipaki manukato, sili pilipili siku za kazi, na mume wangu ameshazoea kufukuzwa mezani kwa ajili ya sabuni aliyoogea. Pua hiyo ndiyo iliyonipeleka Bunia msimu wa mvua uliopita. Kikundi cha akina mama wanaolima kahawa kwenye vilima vya Mahagi kilikuwa hakijawahi kuuza ila kwa walanguzi. Kahawa yao ikinipendeza, tajiri angeuchukua mzigo wote. Isiponipendeza, walanguzi walikuwa wanasubiri.

Kutoka Kampala nilipanda basi mpaka Goli, nikavuka mpaka kwa miguu na kuingia upande wa Mahagi. Kutoka hapo niliingia kwenye gari dogo. Barabara ilikuwa tope jekundu tupu. Mahali pamoja tulikuta lori limelala ubavu, na wenyewe wameshainjika sufuria kando yake kama watu waliohamia. Dereva wangu aliwasalimia wote, na kila askari wa kila kizuizi, kwa sauti ileile ya furaha. Mimi nilifumba macho penye utelezi.

Bunia tuliingia jua likielekea kuzama. Mwenyeji wangu, Maman Jeanne, ndiye aliyeanzisha kikundi, na uani kwake ndipo kahawa yote ya wenzake huletwa kumalizia kukauka, juu ya meza ndefu za wavu. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, dada. Njia ilikuwa nguvu? Banatuambia weye ni pua ya patron. Basi hapa hatupike pilipili mpaka uende."

Nilimpenda papo hapo. Niliinusa kahawa yake kiganjani, nikanyamaza kama kazi inavyotaka, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Ilikuwa safi.

Jumapili kulikucha kweupe. Maman Jeanne aliitandaza kahawa mezani, tukaenda misa. Padri alikuwa katikati ya mahubiri giza lilipoingia kanisani, kisha mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Nimezoea mvua za Kilimanjaro, ila hiyo sijapata kuiona. Padri alifungua kinywa mara mbili, asisikike hata na waliokaa mbele, akaenda kukaa. Upepo uling'oa bati moja juu ya kwaya. Kutoka nje kulikuwa hakuwezekani.

Maman Jeanne alinishika mkono, akanisemea sikioni. "Kahawa iko inje, dada. Ni mimi niliambia bamama bote balete kwangu. Kama inaharibika, nitabaambia nini?"

Nilimbana mkono tu, na naona haya kusema kwamba niliomba kwa ajili ya kahawa kuliko nilivyoomba kwa ajili ya watu.

Ilipopungua tulitoka mbio. Mawe yalikuwa yamerundikana kando ya njia kama chumvi iliyomwagika, na mkaratusi mzima ulikuwa umeanguka juu ya ukuta wa mtu. Uani kwa Maman Jeanne meza zilikuwa zimepinduka, nyavu zimechanika, na chini hapakuwa na punje hata moja. Alikaa kwenye tope na kanga yake ya misa.

Ndipo jirani yake, Papa Ramazani, mchuuzi wa samaki wa ziwani, alipotokea kwenye ua, suruali ameikunja mpaka magotini. Yeye ni Mwislamu, kwa hiyo alikuwa nyumbani.

"Simama, Maman Jeanne. Kahawa yote iko. Tuliiingiza mbele ya mvua, tuliipanga kwa nyumba za batu. Na kwangu pia iko."

Nilipomshukuru, alinishangaa. "Hapa ni vile, maman. Mvua ikikuta kitu ya jirani inje, unaingiza kwanza. Mwenyewe utamwambia nyuma."

Kwa kuwa meza zilikuwa zimevunjika, kahawa ililala kwa majirani. Asubuhi ikarudi kwa mabeseni, magunia na hata shuka la mtoto, huku kila aliyeileta akisimulia alivyokimbia. Maman Jeanne alikuwa ameinua gunia la Papa Ramazani aimwage yote pamoja. Pua yangu ikashtuka. Samaki mkavu, tena wa chumvi. Kahawa huvuta harufu upesi. Gunia moja lingeharibu mzigo mzima. Na mwenye gunia alikuwa amesimama pale anatabasamu. Nilitamani ningekuwa na mafua.

"Pua yangu haina adabu," nilisema. "Naomba ya Papa Ramazani ikae peke yake. Inanuka samaki."

Papa Ramazani aliingiza uso guniani, akanusa.

"Ni kweli," alisema. "Ni samaki yangu. Lakini sikuwa na fasi ingine, maman. Bati ya chumba ya kulala iliruka, nikaihamisha kahawa. Depo ya samaki tu ndiyo ilikuwa kavu."

Nikatazama nyuma yake. Godoro lake lilikuwa limetundikwa kwenye ua, linachuruzika maji. Nilijisikia mdogo, na wakati huohuo nilifurahi kuwa mahali pale.

Tulitwanga, tukakaanga, tukasaga, na kesho yake nikaonja kahawa ya kila nyumba peke yake, mtaa mzima ukicheka namna ninavyovuta kijiko kwa kelele. Ukiacha ile ya samaki, zote zilikuwa nzuri, zenye utamu wa chungwa kwa mbali. Maman Jeanne aliponiona natikisa kichwa kukubali, alikwenda nyuma ya nyumba kulia kidogo. Kisha akarudi kuzuia gunia lenye harufu ya samaki lisitupwe.

"Ile siye tutakunywa," alisema. "Pamoja na Papa Ramazani, mpaka iishe."

Na walianza siku hiyohiyo, huku vijana wakipigilia bati jipya juu ya chumba chake.

Nilirudi kwa njia ileile, na lile lori lilikuwa limeshaondoka. Moshi, tajiri alionja, akaagiza mzigo. Nimejifunza kwamba pua inajua kahawa ilikolala, ila haijui kwa nini ililala hapo. Hilo mpaka uende. Na kazini harufu ya samaki bado ni kasoro, nami nitaendelea kuiita hivyo.

Lakini nilikuja na kikopo cha kahawa ile. Jioni moja mvua ikipiga bati letu, nikampikia mume wangu. Alionja, akakunja uso.

"Hii inanuka samaki."

"Kunywa," nikamwambia. "Mwenye samaki alikuwa na chumba kimoja kikavu, na humo hakuweka godoro lake."