Kanali Apata Arobaini na Moja

Wanafunzi walimwita Kalamu. Kalamu yake nyekundu haikumtoka mfukoni hata siku ya harusi yake, na doa lake limo kwenye picha hadi leo. Alikuwa mhadhiri wa siasa na majeshi, na kwa miaka mingi aliyapenda mapinduzi kama daktari anavyoupenda ugonjwa adimu: mradi uwe wa mtu mwingine. Alikwenda kwenye makongamano, akavaa kitambulisho shingoni, akanywa maji ya chupa na kubishana na wenzake mpaka sauti zikawakauka. Wapo waliosema askari hutwaa serikali pale bunge na mahakama vinapobaki majengo matupu. Wapo waliosema chanzo ni wivu wa kambini: rais anawanenepesha walinzi wake huku wenye mizinga wakila maharage yenye wadudu.

Kalamu aliyakubali yote mawili, akaongeza la kwake katika sura ya nne ya kitabu chake, kitabu ambacho mkewe alikisoma hadi ukurasa wa shukrani, akaona jina lake halimo, akakifunga. Sura hiyo ilisema kwamba anayeandika tangazo la kwanza la mapinduzi ndiye wa kwanza kutiwa ndani. Mkubwa mpya hapendi kuishi mji mmoja na mtu anayejua maneno yake yalitoka wapi.

Kila mwaka aliifundisha sura hiyo huku akicheka.

Asubuhi mizinga ilipolia, hakucheka. Mkewe, ambaye alikuwa mkunga na alikuwa anajiandaa kwenda kazini, alimtafuta chumba kwa chumba, akamkuta chini ya meza ya kulia.

"Wewe si ndiye mtaalamu?" akauliza, akipiga magoti kumchungulia. "Haya, tueleze. Nani anampiga nani?"

"Mapema mno kusema," akajibu Kalamu, meno yakigongana. "Ushahidi haujatosha."

"Basi sogea kidogo, nitoshe na mimi humohumo."

Redio ilipiga muziki wa bendi ya jeshi, kisha sauti nzito ikawataka wananchi wabaki majumbani na watulie.

"Mambo yameharibika," mkunga akasema.

"Umejuaje?"

"Kazini, mzazi akienda vizuri namwambia sukuma. Nikimwambia tulia, ujue nimeshaona balaa."

Hawajatoka chini ya meza, geti likagongwa. Aliyeingia alikuwa kapteni mwenye bunduki begani na vumbi hadi kwenye kope. Kalamu alimtambua kwa viatu. Jeshi lilikuwa limemleta chuoni miaka kadhaa nyuma, na alikuwa akikaa nyuma ya darasa, miguu ameitandaza njiani, watu wote wakiruka.

"Shikamoo, mwalimu."

Kalamu hakuwahi kuogopa shikamoo namna ile. Marahaba yake ilitoka kama mlio wa kuku aliyekanyagwa.

"Kanali ameshika nchi, na hili ni tangazo lake," Kapteni akasema, akiweka karatasi mezani. "Litasomwa jioni, nchi nzima isikie. Tunataka jicho la msomi. Uliangalie tu. Alasiri nalifuata."

Akaondoka. Askari mmoja akabaki getini, na mtu anayebakishiwa askari getini haulizi kama kazi ni ya hiari.

Sasa, hofu ya kila mtu ina mahali pake pa kukimbilia. Wengine huwakimbilia tumboni, wengine magotini wakaanza kusali. Ya Kalamu ilikimbilia mkononi. Aliketi mbele ya zile karatasi, akili ikiwa imeshatoroka kupitia dirishani, na mkono ukabaki peke yake na kazi pekee uliyoijua. Mkewe aliporudi na kikombe cha chai, tangazo lilikuwa limeiva jekundu. *Nchi inaokolewa kutoka kwa nani? Fafanua. Ushahidi uko wapi? "Milele" ni muda gani? Hitimisho halitokani na hoja.* Na juu kabisa, ndani ya duara: 41. Chini ya duara: *Nione ofisini.*

Mkunga aliweka kikombe chini taratibu.

"Umemfelisha Kanali?"

Ndipo Kalamu akaona alichokifanya.

Mkewe alileta spiriti na pamba. Wino ukatanda, ukachuruzika, na tangazo likaonekana kama limepigwa risasi.

"Litafune," mkunga akasema.

"Kurasa tatu?"

"Chai si hii hapa?"

Alikuwa bado anaukodolea macho ukurasa wa kwanza Kapteni aliporudi. Kapteni alisoma akiwa amesimama. Alisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo kwenye lile duara. Kalamu aliangalia mkono wa kijana, na mkono ulikuwa karibu sana na bunduki.

"Kapteni, mwanangu, ni mazoea tu, mimi hata risiti ya dukani…"

"Niliandika mimi." Jasho lilikuwa linamtiririka Kapteni. "Kanali hajaliona bado. Akilipokea hivi, mimi nimekwisha. Mwalimu, naomba kurudia mtihani."

Kalamu akavuta kiti, akavuta karatasi safi. Aliifuta "milele" na kuhamisha aya ya usalama juu ya aya ya uchumi. Wokovu wa nchi akaupatia sababu tatu, kwa kuwa nne zinanuka uongo na mbili zinanuka uvivu. Kapteni aliitikia kila kitu "ndiyo mwalimu" na hakuandika hata herufi moja.

"Mume wangu," mkunga akaita kutoka mlangoni, "ile sura yako ya nne…"

"Si sasa, mke wangu. Tuko kazini."

Jioni Kanali alilisoma redioni bila kujikwaa. Kalamu alifuatisha kwa midomo, neno kwa neno, na ilipofika sababu ya tatu alimgusa mkewe kiwiko. Simu ikalia.

"Mwalimu, Kanali amefurahi mno," sauti ya Kapteni ikasema. "Ameuliza nani kaandika."

"Ukamwambiaje?" Kalamu akauliza.

"Ukweli, mwalimu. Nikamwambia ni wewe, peke yako, kuanzia neno la kwanza. Anatuma gari. Anataka kukushukuru mwenyewe."

"Kapteni. Sura ya nne…"

"Hiyo ndiyo niliyoielewa kuliko zote, mwalimu. Ulifundisha vizuri." Simu ikakatwa.

Kwa mara ya kwanza kijana yule alistahili themanini, na Kalamu, Mungu amsamehe, mkono ulimpanda kidogo kuelekea mfukoni.

Alipoinua macho, mkewe alikuwa ameshatoa begi lake la zamu za usiku. Alitia sweta, mswaki na miwani ya akiba. Nje, taa za gari zilipita juu ya ukuta, zikakunja kona, zikasimama.

"Mke wangu," Kalamu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Wewe waonaje? Kweli ni shukrani tu?"

Mkunga alifunga zipu ya begi, akaja, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama alivyozoea kuwashika wazazi kazini.

"Tulia," akasema.