Kikwembe Changu na Maji ya Bwawa la Tatu

Kipande cha kikwembe changu kilikuwa kinafuta bomba la moshi la pikipiki.

Nilikiona kabla sijamwona aliyekishika. Maua ya njano juu ya buluu, kikwembe nilichovaa siku ya kutoka maternité na mtoto wangu wa pili. Nilikata upindo wake kwa mkono wangu nikaufunga kwenye vane, lile gurudumu la chuma linalofungua maji ya bwawa la tatu. Kwetu, kipande chako kikiwa pale, zamu ni yako. Hata mlevi hakigusi. Na sasa kilikuwa cheusi kwa mafuta, mkononi mwa kijana muosha moto, yaani muosha pikipiki, na maji yangu ya asubuhi yalikuwa yanateremka katikati ya miguu yake pamoja na povu.

"Unafanya nini na ile?"

"Na nini, mama?"

"Na kikwembe yangu!"

"Ah, hii? Nilizani iko chiffon ya kufutia." Akacheka. "Usikasirike, nitakufulia. Sabuni iko mingi."

Wenzake nao wakacheka. Nilikuwa na mtoto mgongoni na arrosoir, ndoo yangu ya kumwagilia, mkononi. Arrosoir niliitupa. Sikumlenga, lakini sikumkwepa pia. Ilipiga kiti cha pikipiki na kicheko kikaisha.

"Mama, uko kichaa? Nyinyi muko na tuyo yenu ya maji! Munataka nini huku?"

"Zamu yangu. Maji ya bwawa la tatu."

"La tatu iko yetu siku mingi. Nyinyi munakunywesha mboga na la pili. Hawakukuambia?"

Hakuwa ananitania. Alidhani najua.

Watu watasema, Kisangani mto si uko? Mama mkwe wangu wa Opala alicheka mpaka akakaa chini: "Kwetu mto Lomami inapita bure. Nyinyi watu wa ville munapigania maji ya choo?" Ndiyo, mama. Ya choo. Bustani zetu ziko mbali na mto, na kijito cha karibu kinabeba kila kitu ambacho mtaa umetupa. Mvua ikichelewa kidogo tu, lenga-lenga, yaani mchicha, tunazopanda kwa kuuza zinalala chini.

Bon, projet moja ikachimba mabwawa matatu kwenye mteremko chini ya majumba wanamolala wanafunzi. Maji ya vyoo vyao na ya kuogea yanaingia la kwanza, uchafu unakaa chini. Yanapita la pili, penye majani yanayoendelea kuyasafisha. Yakifika la tatu hayanuki tena. Si ya kunywa, walituambia, lakini ya bustani, ya matofali, ya kuosha pikipiki, sawa. Ya la tatu tu. Tulikubaliana mbele ya comité: asubuhi mama wa bustani, mchana watengeneza matofali, jioni waosha moto.

Kisha nikajifungua, nikakaa nyumbani. Niliporudi nilikuta tuyo mpya, bomba la plastiki, imelala mpaka kwenye mitaro yetu. Wenzangu walinieleza kwa furaha: papa président wa comité ametuletea maji karibu, hatubebi tena. Na mboga! Majani mapana, ya kijani cha kuiva sana. Tulichanga tukanunua jogoo, tukampelekea papa président, tukamuimbia mlangoni kwake. Mimi pia niliimba, mtoto mgongoni. Yule papa alifuta macho. Alisema sisi ni mama wa kweli.

Baadaye mtoto wangu mkubwa, anayecheza pembeni ya mtaro, akaanza kuhara. Nikasema ni maembe. Akahara tena, akatapika, macho yakaingia ndani. Nilikuwa nimerudi naye kutoka dispensaire wakati mteja wangu wa sokoni aliponirudishia fungu zima: "Maman, mboga yako inanuka. Sitaki kusema inanuka nini." Ndipo nikasema, kesho nanywesha na maji ya la tatu kama zamani, nibebe tu. Jioni nikafunga kipande changu. Asubuhi kilikuwa chiffon.

Nilimpokonya kijana kipande changu, nikawaacha waosha moto na povu lao nikafuata ile tuyo kwa miguu. Nilitamani yule kijana awe mwongo. Tuyo ilipita nyuma ya la tatu, haikulikaribia hata. Ikapanda, ikaingia la pili. Palikuwa na utando wa kahawia juu ya maji, na harufu. Nilisimama nikiangalia kile tulichokiimbia. Nilifikiria vidole vya mtoto wangu mtaroni. Nilifikiria kila sufuria ya mtaa wetu.

Papa président alikuwa uani kwake anapiga mswaki.

"Papa, tuyo yetu inatoka la pili."

Akatema povu. "Njo hivyo. Mboga inapenda mbolea."

"Na la tatu umewapa waosha moto asubuhi mpaka jioni?"

"Moto ikinuka, client anakimbia. Wale vijana watakula nini?"

"Na mboga ikinuka?"

"Mboga inapikwa, mama. Moto haipikwe."

Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Nikageuka kuondoka. Mimi! Mume wangu angekuwa pale asingeamini.

"Halafu," akaongeza, "si muliniletea jogoo? Muliimba vizuri."

Nilirudi bustanini nikawaambia wenzangu. Nilingoja kelele. Wakainamia mboga zao. Mkubwa wetu, dada ninayemwita yaya, aliyenifundisha kupanda, akanivuta kando.

"Mudogo wangu, funga kinywa. Ukisema, nani atanunua mboga yetu?"

"Kwa hiyo watu waile?"

"Sijasema waile."

"Yaya, umesema hivyo hivyo."

Aliangalia mtoto wangu mkubwa, aliyekaa kivulini hana nguvu hata ya kufukuza nzi, kisha akainama akafunga tuyo kwa jiwe na matambara.

Nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka ofisi ya commune ya Makiso, mtoto mgongoni, barua ya mashitaka kwenye sketi. Karani alisoma kichwa cha barua akainua macho.

"Plainte ya maji ya choo? Mama, maji ya choo nayo iko na mwenyewe?"

"Iko na zamu. Piga muhuri."

Akapiga. Hivi ndivyo nilivyoandika:

*Mimi mama wa bustani, ninashitaki comité ya mabwawa. Imetunyang'anya maji ya bwawa la tatu ikawapa waosha moto, na sisi tunaolisha watu imetupa ya la pili bila kutuambia. Mtoto wangu ameugua. Ninaomba tuyo ya la pili ikatwe mbele ya watu wote, na asubuhi zetu za la tatu zirudi. Sikatai waosha moto wapate maji. Jioni ni yao, ilikuwa yao. Ninaambatanisha kipande cha kikwembe, chenye mafuta ya pikipiki. Musinirudishie mimi. Kifungwe tena kwenye vane ya bwawa la tatu, na mtu asikiguse.*