Kipaza Sauti cha Mama Mkubwa Kilivyokataa Kunyamaza

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu wa kidato cha kwanza, enzi za ujana wangu, yaani mwezi wa tatu mwaka huu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijua kila kitu. Sasa nina kumi na saba, nimepunguza.

Mama mkubwa ana duka la vitenge Kariakoo, ukuta kwa ukuta na msikiti. Nikamwandikia kwa Rust, lugha ya kompyuta, programu ya kipaza sauti cha kuita wateja. Kelele yenyewe ilikuwa klosha, kile kipande cha kazi unachokihifadhi ukakiita baadaye. Nikaiweka ndani ya strakti, muundo unaobeba vipande vya programu, na kipaza sauti kikaita: "Angalia usiangalie, kitenge kinakuangalia!" Watu wakacheka, wakaingia. Kichwa kikavimba.

Adhuhuri ikafika. Muadhini anaanza tu, na kipaza sauti nacho: "Kitenge kinakuangalia!" Mama mkubwa nusura auchomoe waya kwa meno.

"Wewe mtoto, hata kasuku hunyamaza akifunikwa! Kisiponyamaza chenyewe adhana ya alasiri, nakigawa."

Rahisi, nikajisemea. Nikaandika klosha ya kimya, niiweke mahali pa ile ya kelele. Kompaila, ile inayokagua programu na kuitafsiria kompyuta, ikagoma. Nikanakili ile ile ya kelele herufi kwa herufi, nijaribu. Ikagoma vilevile! Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu; mimi nilipewa mama mkubwa na kompaila kwa pamoja.

Saa tisa nikampigia binamu Rehema, anayeandika programu kule Ilala.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

Nikamsomea. Akacheka mpaka akakohoa. "Kila klosha ina aina yake peke yake, hata zikifanana kama mapacha. Strakti yako umeishona kwa kipimo cha ile ya kwanza, nyingine itaingiaje? Weka boksi hapo, useme humu inakaa klosha yoyote isiyopokea kitu wala kurudisha kitu. Utabadilisha mpaka uchoke, mzee."

Nikaweka boksi, nikaipa programu saa za adhana. Alasiri muadhini akaanza, kelele ikatolewa, kimya kikaingia. Mama mkubwa akakitazama kipaza sauti, akanitazama mimi, akaenda kuswali bila neno. Kwetu hiyo ni medali.

Basi sikia, mwanangu. Klosha unayojua haitabadilika, iache bila boksi, ni nyepesi. Unayohisi utaibadilisha, itie kwenye boksi mapema, usingoje uaibike mbele ya msikiti. Na ukikwama, toa shikamoo upesi. Ubishi haujawahi kurekebisha programu.

Mungu akujaalie kompaila isiyo na maneno mengi na mama mkubwa asiye na fimbo. Amina. Haya, nenda kafagie darasa.