Koti la Marehemu Owiti

Kazi ya saluni imenionyesha kinyaa cha kila aina, chawa wakiwemo, lakini hakuna kilichonichukiza kama onyesho la mavazi la Griffins.

Ninasuka nywele mtaani Mamboleo, katika saluni ya Seline Ajwang. Mimi ni Mbukusu. Mambo ya Wajaluo nimeyajulia kwake. Ana mkono mwepesi na mdomo mzito, na hajawahi kumfukuza mteja, hata yule anayenuka. Mumewe, Owiti, alikufa binti yao Debra akiwa na miaka mitatu. Seline alinyolewa kichwa, akapakwa majivu, akavaa koti la marehemu likiwa limegeuzwa ndani nje, kama desturi ya boma lao ilivyotaka, mpaka wazee walipomruhusu kulivua. Mwaka mzima watu walimpisha njia sokoni kwa kumwogopa. Koti lenyewe, lenye kiraka cha maua kwenye bitana, analiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Griffins ni fundi wa mavazi aliyerudi kutoka Nairobi na miwani ya jua asiyoivua hata ndani ya nyumba. Alituletea picha za zamani za watu wa ziwa, akasema anataka historia ipande jukwaani. Seline alifurahi. Nywele za uzi alizofundishwa na nyanyake, shanga, udongo mwekundu wa kupaka usoni, yote alimwonyesha, na alipokosea akamsahihisha. Debra, shingo ndefu na miaka kumi na tisa, akachaguliwa kuwa mwanamitindo.

Kisha Griffins akatoa picha ya mwisho: mjane, kichwa kimenyolewa, majivu usoni. Akasema hiyo ndiyo itafunga onyesho. Seline aliweka kitana chini. Alimwambia hiyo si nguo, na ikipanda jukwaani yeye hasuki hata kichwa kimoja. Griffins akacheka, akasema sawa Mama, tumeitoa. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, ila hii ilifika mpaka jukwaani.

Siku yenyewe, katika hoteli moja kando ya ziwa, tulisuka tangu asubuhi mpaka vidole vikafa ganzi. Debra hatukumwona, tuliambiwa anapambwa chumba kingine. Onyesho lilipoanza tukasimama nyuma ya watu tutazame kazi yetu.

Wa mwisho kutoka alikuwa Debra. Kichwa kimenyolewa, kinang'aa kwa mafuta. Majivu mashavuni, na midomo imepakwa rangi ya zambarau, yaani hata majivu hawakuyaheshimu. Begani koti, ndani nje, na kwenye bitana kile kiraka cha maua alichokishona Seline mwenyewe. Watu wakasimama wakapiga makofi. Mwanamke mmoja mbele yetu aliuliza koti kama lile linapatikana wapi. Nilitamani kumtapikia viatu.

Seline alipenya katikati ya watu. Alikwenda nyuma ya jukwaa, nami nikamfuata. Debra alimkimbilia akicheka, akaeleza kwamba Griffins aliomba koti la zamani na yeye akakumbuka lile la kwenye sanduku. Tena sasa amepata nafasi ya kwenda Nairobi.

"Mama, usikasirike, ni fashion tu," alisema. "Umeona vile watu wamepiga makofi?"

"Nimeona. Mimi nilivaa hiyo koti mwaka mzima, Debra. Hakuna mtu alinipigia makofi."

Griffins akaanza kutuhubiria habari ya kuenzi mila. Nilimwambia anyamaze. Mate yalinijaa mdomoni na sikutaka kuyameza mbele ya mtu kama yule.

Debra alivua koti. Machozi yalianza kumtoka, wanja ukachirizika pamoja na majivu. Akamwinulia mamake uso, kama anavyofanya saluni akitaka kupakwa poda. Seline alipokea koti, akaligeuza upande wake, akalikunja. Halafu akampa kitambaa.

"Jipanguze mwenyewe," akasema. "Hiyo majivu mimi siguzi mara ya pili."