Kiganja Kwenye Majivu

Harufu ya majivu na majani makavu ya muarubaini ikinipata popote, hukitazama kiganja changu. Ndiyo harufu ya lile pipa la bati lililokaa pembeni mwa chumba tulicholala na mama, kwetu Kilelengwani, kijiji cha kando ya mto, na ndani yake mlikuwa na mbegu ya mpunga ya kanisa zima. Baada ya mavuno kila nyumba ilileta kibaba kimoja cha mpunga wake mzuri kuliko wote. Mama, aliyechaguliwa na akina mama wenzake, aliumwaga humo, akachanganya majani ya muarubaini ya kufukuza wadudu, akatandaza majivu juu yake, akayasawazisha, kisha akakandamiza kiganja chake cha kulia. Alama ile ndiyo iliyokuwa kufuli. Siku ya kugawa mbegu waliitazama kwanza, ndipo kila mmoja akapimiwa kibaba chake, na mama akajipimia mwisho. Akiba haiozi, alikuwa akituambia, lakini hii si akiba yetu. Ni mali ya Bwana, sisi ni mawakili tu.

Nilipokuwa na miaka tisa mto ulikataa kujaa. Mpunga wetu hungoja maji yapande mashambani, yashuke, yaache tope. Mwaka ule ardhi ilipasuka hata kisigino kikazama kwenye nyufa. Tulikula mizizi ya yungiyungi, tukala maembe machanga kwa chumvi, tukalala. Na pipa lipo pale pale. Jamani, msiombe kulala chumba kimoja na chakula msichoruhusiwa kula.

Siku moja mama alikwenda kuchimba yungiyungi, nami nikalifunua pipa. Ningependa kuwaambia niliiba kwa ajili ya mdogo wangu aliyekuwa akilia, au ya rafiki yangu wa Kiorma ambaye ng'ombe wa kwao walikuwa wakifa. Hapana. Nilikula peke yangu. Kuutwanga mpunga ule sikuthubutu, mchi ungenitangaza kijiji kizima. Niliukaanga kwenye kigae mpaka ukapasuka, nikautafuna na maganda yake. Nikarudi siku ya pili, na ya tatu. Kila mara nilisawazisha majivu, na kwa kuwa nilijua lazima pawe na kiganja, niliweka changu. Akili ya mtoto! Sikuona kosa lolote mpaka jioni ya siku ile ya tatu, tuliponawa pamoja katika beseni moja, nikauona mkono wa mama kando ya wangu.

Tangu hapo sikuwa na raha. Mama akikohoa tu, nadhani ameshaona. Jumapili kanisa zima lilipiga magoti kuuombea mto ujae, nami nilifumba macho nikaomba usijae, pipa lisifunguliwe. Watu wanakonda, wazee hawainuki vitandani, na mimi namsihi Mungu azuie maji! Hofu hiyo sijapata kumweleza mtu.

Mto ulijaa. Maji yaliposhuka akina mama walikusanyika kwetu na vibakuli vyao, na jirani yetu Mama Komora akawa wa kwanza kuinama juu ya pipa. Akaona alama ni ndogo.

"Huu mkono wa nani?" akauliza.

Mama aliinama, akaona. Hakunitazama.

"Ni mkono wa nyumba yangu," akasema. "Kilichopungua ni changu."

Akawapimia wote, kibaba kimoja kimoja, hadi wa mwisho. Yeye alipata kiasi cha kufunika sehemu ya chini ya bakuli. Sehemu kubwa ya shamba letu iliota nyasi mwaka ule. Hakunipiga, alinipeleka kuamia ndege wasile mpunga kwenye mashamba ya wenzetu mpaka mavuno, na kila asubuhi nilipita kando ya zile nyasi.

Sasa naishi Garsen, na mbegu ya kanisa letu iko kwangu, katika mapipa matatu ya plastiki yenye kufuli za kweli. Majivu bado natandaza, na kiganja changu kimekuwa kikubwa kama cha mama. Mwaka huu mto umechelewa tena. Binti yangu ana miaka minane. Namwona akiyatazama mapipa. Funguo nimezifunga kwenye pindo la leso na kila saa nazipapasa. Siogopi kwamba ataiba. Naogopa akina mama wa kanisa watasimama juu ya pipa na kuuliza mkono wa nani, nami nitamnyooshea mtoto kidole.