Mchungaji Ninaye, Natafuta Diwani

Jumapili iliyopita nilirudi Kariobangi, Nairobi, kumsalimia dada yangu, tukaenda kanisani pamoja. Kabla ya mahubiri, mgombea mmoja akapewa maikrofoni. Akafumba macho, akatoa machozi ya kweli kabisa, akatuambia Mungu ndiye aliyemtuma. Na watu wakapiga makofi! Mimi nilitoka nje kutafuta hewa. Maombi ya namna hiyo nayajua tangu utotoni, rafiki yangu, na wacha nikuambie niliyajulia wapi.

Tuliishi nyumba za kanju, yaani za baraza la jiji, chumba kimoja, sisi watoto na mama na nyanya. Wengi mtaani walikuwa watu wa Ukambani kama sisi, wengine wa magharibi waliofanya kazi reli. Jumamosi ilinukia mkaa na muthokoi wa nyanya, mahindi ya kukoboa na maharagwe, uliochemka tangu asubuhi, na redio ya jirani tuliisikia ukutani kana kwamba ni yetu. Harufu nyingine ilikuwa ya choo. Vyoo vilikuwa vya pamoja, na viliziba mpaka uchafu ukapita mlangoni petu, mdogo wangu akaharisha mpaka tukadhani atatuacha.

Diwani wetu alikuwa mzee wa kanisa. Lo, mtu huyo alijua kuomba! Ukimpelekea shida ya choo anakushika mkono, anakuombea, kisha anaingia kwenye gari lake anaenda zake. Aliyevaa buti akazibua ni jirani yetu Mwislamu, dereva wa lori la takataka, tena baada ya kazi yake. Alipogombea udiwani, mchungaji alituonya kwamba mtaa wa Kikristo hauwezi kuongozwa na mtu asiyemjua Yesu.

Wakati huo kura ilipigwa kwa mlolongo: unasimama nyuma ya picha ya mtu wako uwanjani, mchana kweupe, kila mtu anakuona. Chama cha akina mama cha kanisa kilikuja na vitambaa vyeupe kichwani, kikajipanga kwa mzee. Nyanya alikuwa mmoja wao, na hakuna kitu alichokithamini kama chama hicho. "Siku nikifa," alikuwa akisema, "hao ndio wataniimbia." Mke wa mchungaji akamwita bibi kwa Kikamba, "Susu, nafasi yako hii hapa." Nyanya akavua kitambaa, akakikunja, akamkabidhi.

"Mchungaji ninaye," alisema. "Leo natafuta diwani."

Akavuka uwanja peke yake. Wanawake wachache wakamfuata, halafu wanaume wa reli, mpaka mstari wa jirani ukaupita ule wa mzee kwa mbali. Hata sisi watoto tuliokaa ukutani tuliona. Msimamizi akatembea akijifanya anahesabu, akanong'onezana na mzee, akatangaza mzee ameshinda. Na yule mtu akainua Biblia juu, akamshukuru Mungu! Mpaka leo sijaona uso mkavu kama ule.

Nyanya alifukuzwa chamani. Aliendelea kwenda kanisani, akakaa kiti cha nyuma, kando yake hakuna mtu. Alipokufa, mama alienda kwa mchungaji kuomba maombi na wimbo mmoja tu. Mchungaji alikuwa anakunywa chai, wala hakuweka kikombe chini. "Azikwe na yule aliyempangia mlolongo," akasema.

Basi jirani akamzika. Aliomba gari kwa jamaa zake, akatupeleka na jeneza hadi Ukambani, akashika sepetu na wanawe. Nyimbo zetu hakuzijua. Mama aliimba peke yake, naye akasimama kando yake mpaka ubeti wa mwisho.

Nyumba zile zilibomolewa, majirani wametawanyika, na muthokoi sasa unauzwa kwenye mifuko ya plastiki. Mlolongo nao uliisha, kura ni ya siri. Nyanya alivuka uwanja akitazamwa na mtaa mzima, akijua atanyimwa nini. Sisi tumefichwa, hakuna wa kutuona wala wa kutufukuza popote, na bado hatuvuki.